Mtoto wa Chumba cha Nyuma

Katika vijiji vyetu wamo watoto ambao hata jirani wa karibu hajapata kuwaona. Mgeni akibisha hodi, mama huingia kwanza ndani, mlango wa chumba cha nyuma husikika ukifungwa, ndipo mgeni huambiwa karibu. Mtoto huyo hakuua wala hakuiba. Miguu yake haina nguvu, au mgongo wake umepinda, au ulimi wake ni mzito. Ni hayo tu.

Kazi yangu ni kuandika vitabu vya parokia, na kitabu cha ubatizo humwambia mengi mtu anayejua kukisoma. Nyumba moja huleta watoto wake wote wangali wachanga. Lakini katikati yao yuko mmoja aliyeletwa akiwa na miaka sita, tena siku ya kazi, kanisa likiwa tupu. Ukiuliza polepole utajua sababu. Wazazi hao si watu wabaya. Wampenda mtoto wao, na pengine humlisha kabla ya wengine. Lakini wanaogopa maneno ya kisimani: eti mama alivunja mwiko, eti baba alimdhulumu mtu, eti wazee wa ukoo wamekasirika.

Maneno hayo si mageni. Katika Injili ya Mtakatifu Yohane, sura ya 9, wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walimwuliza Bwana wetu swali lilo hilo la kisimani: ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake? Yesu hakumtaja baba, hakumtaja mama, wala mtu mwenyewe, yote aliyakataa. Nasi Injili hiyo twaisikiliza wakati wa Kwaresima, tumesimama wima, kisha tukitoka nje twauliza tena swali la wanafunzi kana kwamba halikupata jibu.

Sasa nataka niwasimulieni habari za msichana mmoja wa Italia, kwa maana yeye naye alikuwa mtoto wa chumba cha nyuma. Alizaliwa mwaka 1287, katika ngome ya Metola, na baba yake alikuwa mtu mkubwa wa nchi. Wazazi walitazamia mtoto wa kuwapa heshima. Akazaliwa Margareta: kipofu, mfupi, mwenye kibiongo, na mguu mmoja ukiwa mfupi kuliko mwenziwe. Walimficha. Yasimuliwa kwamba alipokuwa na miaka kama sita, wageni walikaribia kugundua yeye ni mtoto wa nani. Basi baba yake akamjengea chumba kidogo kando ya kanisa la msituni, akamfungia humo. Chakula kilipitishwa dirishani. Padre wa kanisa lile ndiye aliyemfundisha dini, na binti akaishika upesi kuliko ilivyotazamiwa.

Miaka ilipita akiwa ndani. Ndipo wazazi wakasikia habari za miujiza katika mji wa Città di Castello, kwenye kaburi la mtawa mmoja. Wakampeleka huko akiwa msichana mkubwa, wakamweka kanisani pamoja na wagonjwa wengine, wakangoja. Hakupona. Wazazi wakaondoka, wakamwacha pale pale, kipofu, katika mji asioujua hata njia yake moja.

Tafadhali msomaji, tua kidogo hapa. Tunapenda hadithi za watakatifu ambamo kiwete huruka na kipofu huona. Katika habari hii muujiza wa namna hiyo haukuwako. Margareta alibaki vile vile, kipofu na kiwete, mpaka kufa kwake. Kilichobadilika ni kwamba alikuwa nje ya chumba. Maskini wa mji wakampokea, leo nyumba hii, kesho nyumba ile. Watawa wa kike walimchukua kwa muda, kisha nao wakamwondoa. Hata hapo hakurudi kujificha. Akavaa vazi la Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Dominiko, akaishi katika nyumba za watu, akiwatunza na kuwafundisha watoto wao. Zaburi zote 150 alizijua kwa moyo, na alikuwa akiwaendea wafungwa gerezani. Mtu aliyefungiwa bila kosa akawatembelea waliofungwa kwa makosa!

Alikufa mwezi wa Aprili 1320, umri wake miaka 33. Mwaka 1609 Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri, na tarehe 24 Aprili 2021 Baba Mtakatifu Fransisko alimwandika katika orodha ya watakatifu. Wazazi wake hawakumbukwi ila kwa sababu yake.

Pengine utasema: hayo ni ya Ulaya, tena ya kale. Haya, njoo kwetu.

Katika kigango kimoja cha parokia yetu yuko fundi cherehani, mtu mzima sasa. Polio ilimshika angali mdogo, ikaiacha miguu yake bila nguvu. (Mwezi wa Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa haina tena kirusi cha asili cha polio; lakini wazazi wasije wakaacha matone ya chanjo, maana yako mengine yanayohitaji kuzuiwa.) Utotoni mama yake alimbeba mgongoni kila mahali, shambani, kanisani na msibani. Alipofika miaka tisa alikuwa mzito, mama hakuweza tena. Hakuna aliyekata shauri kumficha. Alikaa ndani kwa sababu mgongo wa mama ulichoka, na baada ya mwaka mmoja au miwili watu walimsahau.

Nilimwuliza aliogopa nini zaidi. Akanijibu, "Bwana karani, njia haikunitisha. Nilifunga vipande vya tairi magotini na mikononi, nikatambaa. Nilitoka nyumbani kungali giza, nikapumzika penye miembe, nikafika. Jambo lililonitisha ni watu wa Jumapili. Watoto walinifuata nyuma wakitambaa kama mimi, wakicheka. Siku ya kwanza nilirudia njiani."

Jumapili iliyofuata alifika mlangoni kwenye mafundisho. Katekista, mama mmoja mkali ambaye sasa ni marehemu, alimtazama akasema, "Umechelewa, mwanangu. Kaa hapa mbele, na juma lijalo usichelewe." Fundi akicheka aliniambia, "Wengine wote walinihurumia. Yule mama alinigombeza. Nikajua kwamba ananihesabu pamoja na wenzangu."

Basi akabatizwa, akapokea Komunyo, akajifunza kushona kwa cherehani ya mkono. Hapo hofu ya pili ikaja, nayo ilikuwa hofu ya kudai haki yake. Watu walimwachia senti mezani kama sadaka, kisha shati wakalipeleka kwa fundi mwingine. Alizikataa senti zile. Alisema, "Nileteeni suruali iliyochanika, kisha mnilipe." Wengine walimwona ana kiburi. Mimi simwoni hivyo. Leo kanzu za watumishi wa altare hushonwa naye, hulipwa kama fundi yeyote, na baiskeli yake ya magurudumu matatu, ile inayozungushwa kwa mikono, aliinunua kwa fedha za kazi.

Lakini msidhani kwamba hofu zimekwisha. Nilipomwuliza sasa anaogopa nini, nilitazamia neno kubwa. Akasema, "Choo, wakati wa masika." Sakafu inateleza, hakuna pa kushika. Nasi tumepita miaka tukimsifu kanisani bila kumwuliza. Vijana wa kigango walifanya kazi siku moja tu: nguzo mbili, fito ya kushikia, na kiti cha mbao chenye tundu katikati. Wewe mwenye mgonjwa wa miguu nyumbani, fanya hivyo kabla ya kufanya jingine. Tena tazama mlango wa kanisa lenu. Ngazi tatu mtu mwenye afya hazioni. Mwenye baiskeli ya mikono huachwa nje pamoja na mbuzi. Mteremko wa udongo ulioshindiliwa, wenye mawe kando, watosha kama hamna saruji.

Wazazi hunijia ofisini na swali lingine, nao huliuliza kwa sauti ya chini: mtoto wa namna hii Kanisa lamkubali? Lamkubali. Mbatizwa yeyote asiyezuiliwa na sheria ana haki ya kupokea Komunyo Takatifu akiisha kufundishwa kadiri ya uwezo wake. Hakuna sheria inayohesabu miguu. Hata upadre: Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilihesabu kilema cha mwili kuwa kizuizi, kama mtu hakuweza kuhudumu altareni vema, Sheria ya mwaka 1983 haikukiweka tena katika vizuizi. Kabla ya hapo pia Mapapa waliweza kutoa ruhusa. Padre Isaac Jogues, mmisionari Mfaransa, alikatwa vidole na wenye kumtesa mwaka 1642, na Papa Urbano wa Nane akamruhusu kusoma Misa na mikono ile ile.

La mwisho nawaambia wenye watoto wachanga, maana hapa kuficha huleta hasara isiyo ya lazima. Wako watoto wanaozaliwa nyayo zimegeukia ndani. Hospitalini wengine huita mguu kifundo. Huo si mguu wa laana, tena watibika. Daktari Ignacio Ponseti, mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani, alionyesha njia isiyohitaji upasuaji mkubwa. Mguu hunyoshwa kidogo kidogo kwa mkono na kufungwa plasta ngumu, kila juma plasta hubadilishwa, mara nyingi kwa majuma matano hadi saba. Watoto wengi hukatwa kidogo kano ya kisigino, kisha plasta ya mwisho. Baadaye mtoto huvishwa viatu viwili vilivyoungwa kwa kipande cha chuma: saa 23 kila siku kwa miezi mitatu hivi, kisha usiku tu mpaka afike miaka minne au mitano.

Kazi hiyo huenda vizuri zaidi ikianza katika majuma ya kwanza baada ya kuzaliwa, mifupa ikiwa laini. Kwa hiyo mwambie mwuguzi siku ile ile ya kujifungua, akuelekeze hospitali inayofanya kazi hiyo. Na viatu vya usiku visivuliwe kwa sababu mguu waonekana umenyoka, au bibi amesema mtoto anateseka. Vikiachwa mapema, mguu hurudi ulikotoka, na plasta huanza upya.