Bwaki, konzo na kalenda ya mkopo

Mjini Bukavu neno «bwaki» lina maana mbili. Ya kwanza ni ugonjwa wa mtoto aliyekosa chakula cha kujenga mwili: miguu inavimba, nywele zinageuka rangi. Ya pili ni mkopo wa mtaani wenye riba kali, «bwaki système», ambao mtu huchukua kwa kuweka rehani mshahara ambao haujatoka. Katika somo la semantiki tungesema ni sitiari, tukapita. Mimi naona waliobuni jina hilo walifahamu kwamba deni baya huingia mwilini. Kwa wamama wa vijijini wanaotengeneza unga wa mihogo linaweza kuingia kweli, na mlango wake ni kalenda.

Tuanze na kazi yenyewe. Mama hununua mihogo shambani, huimenya, huiloweka, huianika, kisha huipeleka kwenye mashini. Mihogo michungu ina sumu ya sianidi, na kuiloweka ndiko kunakoipunguza: kwa desturi siku tatu au zaidi. Kuanika kunaomba siku nyingine mbili tatu za jua. Mvua ikishika, hesabu yote inaharibika, maana mihogo ikiota ukungu hakuna wa kuinunua. Basi franka alizoweka kwenye mihogo Jumatatu hazirudi mkononi kabla ya juma la pili.

Sasa tazama mkopo. Muhammad Yunus alipoanza mwaka 1976 katika kijiji cha Jobra, Bangladesh, miongoni mwa wakopaji wake walikuwamo wanawake waliotengeneza viti vya mianzi. Kiti kama hicho huuzwa siku ileile. Grameen Bank, iliyozaliwa mwaka 1983 kutokana na kazi hiyo, ilijulikana kwa malipo ya kila juma, na wengi wakaiga. Kwa kiti cha mwanzi utaratibu huo unafaa. Kwa mihogo, siku ya kulipa inafika mihogo ingali majini.

Mama afanye nini? Anaweza kukopa kwingine ili alipe, au kuitoa mihogo mapema. Hilo la pili ndilo linalonitisha, kwa sababu ya yaliyotokea Kwango. Konzo, neno la Kiyaka linalosemwa kuwa na maana ya miguu iliyofungwa, ni kupooza kwa miguu kunakokuja ghafla na kusikopona, hasa kwa watoto na wanawake wa umri wa kuzaa. Daktari Trolli aliueleza ugonjwa huo mwaka 1938. Baadaye, barabara ya lami ilipofungua njia ya soko la Kinshasa, familia za Bandundu zilizouza mihogo zilipunguza siku za kuloweka, na watafiti wakakuta sumu imebaki ndani ya chakula. Pale kilichoharakisha kilikuwa soko, si deni. Lakini haraka ni ileile, na unga unaouzwa ndio unaoliwa nyumbani.

Ndiyo maana navutwa zaidi na AVEC, vikundi vya akiba na mkopo ambavyo mfano wake ulianzia Niger mwaka 1991. Sanduku moja, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Wanachama hukopa akiba yao wenyewe, kwa kawaida kwa mwezi mmoja hadi mitatu, na riba huwarudia mwisho wa mzunguko. Sarufi inatusaidia hapa. Katika «kukopesha», kiambishi -esh- kinamweka mmoja kuwa msababishaji, na tarehe ni yake. Katika «kukopeshana», -an- inawaketisha wote pamoja: anayedai leo ataomba kesho, naye anajua mihogo hukaa majini siku ngapi.

Fedha za sanduku hazitoshi kununua mashini, tukubali. Kwa hiyo bado unahitajika mkopo mkubwa zaidi. Kwa mihogo, usafiri na kusagisha zinaweza kutosha. Kivu mvua huanza mwezi wa tisa. Kikundi kinachoandika katika daftari tarehe ya kuloweka kando ya tarehe ya kulipa kinaweza, kuanzia mwezi huo, kuongeza majuma mawili bila faini.