Kabla ya Kuchimba Msingi: Amana Iliyomo Katika Ardhi ya Kagera

Anayenunua kiwanja Bukoba au Muleba huulizia bei, mipaka na hati. Ni wachache wanaouliza ni nani walioishi hapo kabla ya muuzaji na wazazi wake. Katika mkoa huu swali hilo lina uzito wake, kwani chini ya vibanja vya migomba na nyasi za rweya mna kazi za mikono ya watu waliotutangulia kwa zaidi ya miaka 2,000.

Haya si maneno ya kujisifu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtafiti kutoka Marekani, Peter Schmidt, alifika Katuruka, kijiji kisicho mbali na mji wa Bukoba. Wazee walimsimulia habari za Mukama Rugomora Mahe, aliyewaamuru wahunzi wake wajenge mnara wa chuma wa kufikia mbinguni, na wakamwonyesha mti wa Kaiija, jina lenye maana ya mahali pa kufulia chuma. Ardhi ilipochimbwa hapo, yalionekana mabaki ya kazi ya chuma iliyotangulia enzi ya mtawala huyo kwa karne nyingi. Baadaye matanuri mengine ya kale yalifukuliwa Kemondo, kando ya njia iendayo Muleba. Katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya waliokumbuka ufundi wa baba zao walijenga tena tanuri la udongo, wakayeyusha chuma mbele ya watafiti, na mwaka 1978 habari hizo zikachapishwa katika jarida la Science. Sisi tunaosoma sura ya Al-Hadid, yenye jina la chuma, tuna sababu ya kuithamini elimu hiyo.

Hasara huingia pale msingi wa nyumba unapochimbwa kwa haraka. Kigae cha chungu, kipande cha mavi ya chuma na punje ya makaa huonekana kama takataka. Kwa mtaalamu, makaa hutoa umri, na kigae chenye nakshi za Urewe humwambia ni watu wa zama zipi. Lakini vitu hivyo husema kweli vikiwa mahali pake. Vikishachanganywa na kifusi, hakuna fedha itakayovirudisha.

Ndiyo maana hufanywa uchimbaji wa majaribio kabla ya ujenzi. Wataalamu hutembea katika eneo lote wakitazama vilivyomo juu ya ardhi, kisha huchagua sehemu chache na kuchimba mashimo madogo, aghalabu ya mita 1 kwa mita 1. Udongo huondolewa tabaka kwa tabaka, huchekechwa, na kila kinachopatikana huandikiwa kina chake. Pasipoonekana kitu, mashimo hufukiwa na mjenzi huendelea. Kikionekana, huamuliwa ama msingi usogezwe, ama eneo hilo lichimbwe kwa ukamilifu kwanza. Siku chache za subira huweza kuokoa habari za karne nyingi.

Tunafahamu hofu ya wengi: nikisema nimeona kitu, nitanyang'anywa kiwanja. Kwa hofu hiyo wengine hufukia na kunyamaza. Lakini Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 humtaka anayegundua kitu cha kale akitolee taarifa, na humkataza mtu kuchimbua mabaki ya kale bila kibali. Miradi mikubwa nayo hutakiwa kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira chini ya sheria ya mwaka 2004. Wanaogawa viwanja vingi kwa pamoja wafanye uchunguzi huo mapema, kabla familia hazijalipa fedha zao, ili mzigo wa kuchelewa usimwangukie mnyonge.

Lipo pia jambo la makaburi. Katika Buhaya watu wengi wamezikwa ndani ya vibanja vyao, na kibanja kinapouzwa, alama za kaburi hupotea upesi. Heshima ya maiti haiishi kwa kuuzwa ardhi. Mifupa ikionekana, kazi isimame na viongozi waarifiwe. Kuhamisha makaburi kwa ajili ya miradi ya umma kuna sheria yake tangu mwaka 1969, na si kazi ya vibarua kuamua kwa majembe.

Baada ya tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, familia nyingi za Kagera zilijenga upya, na ujenzi ungali unaendelea. Kwa hiyo twawanasihi wazazi: kabla ya kumwita fundi, waulizeni wazee jirani palikuwa na nini hapo. Waonyesheni watoto vigae vinavyotokea shambani, wasivichezee wala kuviuza. Kikionekana kitu kisicho cha kawaida, kiacheni kilipo, mkaiarifu serikali ya kijiji au halmashauri. Nyumba yenu mtawaachia watoto wenu. Historia iliyo chini yake ni amana ya watoto wa wote.