Rekodi za Ziara za Muziki kwa Mizani ya Kitale na Bungoma

Mwimbaji akishaachia albamu mpya, kazi inayofuata ni kuibeba barabarani: mji huu leo, ule kesho, ukumbi baada ya ukumbi. Hapo ndipo mashindano yanapoanza. Nani kajaza watu wengi zaidi? Nani kamaliza tiketi haraka zaidi? Nani kapandisha jukwaa zito kuliko mwenzake? Majibu hutangazwa kwa dola na kwa majina ya viwanja vya ughaibuni, na mtu wa Matisi au wa Kanduyi hubaki akisikia sifuri nyingi bila kuona ukubwa wake.

Leo tunapima kwa mizani ya nyumbani, yaani sensa ya 2019. Shika namba nne tu. Mji wa Bungoma: watu 68,031. Mji wa Kitale: 162,174. Kaunti ya Trans Nzoia: 990,341. Kaunti ya Bungoma: 1,670,570. Haya, twende.

1. Ziara iliyoingiza pesa nyingi zaidi

Taji hili ni la Taylor Swift, na hakuna anayemkaribia. Ziara yake ya Eras ilianza Glendale, Arizona, tarehe 17 Machi 2023, ikafungwa Vancouver, Kanada, tarehe 8 Desemba 2024. Maonyesho 149 katika nchi 21. Haikunadi albamu moja. Alizipanga albamu zake kama sura za kitabu na kuziimba kwa zaidi ya saa tatu kila usiku.

Tiketi ziliingiza dola 2,077,618,725. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, hizo ni takriban shilingi bilioni 268. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22 serikali ya kaunti ya Bungoma ilitengewa mgao wa takriban shilingi bilioni 10.66 kutoka hazina ya taifa. Basi mapato ya tiketi za mwanamke mmoja mwenye gitaa yangelipa mgao huo kwa miaka 25!

Sasa tazama watu. Waliohudhuria walikuwa 10,168,008. Zidisha kaunti yote ya Bungoma mara sita, kuanzia Malakisi hadi Ndivisi, na bado utapungukiwa na watu zaidi ya 144,000. Lakini hesabu ninayoipenda kuliko zote ni hii: gawanya umati huo kwa maonyesho 149, unapata wastani wa watu 68,242 kwa usiku mmoja. Mji wa Bungoma una watu 68,031. Kila alipopanda jukwaani ni kama mji mzima wa Bungoma, wazee kwa watoto wachanga, ulifunga milango na kwenda kumsikiliza, kisha wakaongezeka wengine 211, ambao ni matatu 15 za abiria 14 na mtu mmoja aliyebaki kwenye steji.

2. Ziara iliyoona watu wengi zaidi

Swift ana pesa. Watu wako kwa Coldplay. Waingereza hao waliachia albamu yao ya Music of the Spheres Oktoba 2021, wakaanza ziara San José, Costa Rica, Machi 2022, na kufikia Septemba 2025 walikuwa wakimalizia usiku wa kumi katika Wembley, uwanja wa watu 90,000. Tiketi zilizouzwa katika miaka hiyo zilizidi milioni 12. Hizo ni kaunti saba za Bungoma, na chenji inabaki.

3. Umati mkubwa zaidi mbele ya jukwaa moja

Kwa hili dunia yote inapigia saluti ufuo wa Copacabana, Rio de Janeiro, ambako kiingilio ni bure na mchanga hauna viti vya kuhesabu. Ndiyo maana takwimu zake ni makadirio, lakini makadirio yenyewe yanatisha.

Tuanze na Madonna, tarehe 4 Mei 2024, usiku wa kufunga ziara yake ya Celebration. Watu milioni 1.6. Chukua kaunti nzima ya Bungoma, uwaache nyumbani wakazi wa mji wa Bungoma peke yao, na waliosalia wote, kuanzia Kimilili, Webuye, Chwele, Sirisia hadi miteremko ya Mlima Elgon, ndio umati wake. Hesabu inaingia kama ufunguo kwenye kitasa.

Aliyempita ni Lady Gaga, tarehe 3 Mei 2025, miezi miwili tu baada ya kuachia albamu ya Mayhem. Maofisa wa jiji walikadiria watu milioni 2.1. Hapa Bungoma yote haitoshi. Inabidi uvuke mpaka na kuchukua zaidi ya watu wawili kati ya kila watano wa Trans Nzoia.

Nafasi ya kwanza: Rod Stewart, usiku wa kuamkia mwaka mpya, 31 Desemba 1994. Watu milioni 3.5. Ni kweli wengi walifuata pia fataki za saa sita usiku, na hilo tusilifiche. Hata hivyo kitabu cha Guinness kimeuandika usiku huo. Ukijumlisha Bungoma na Trans Nzoia zote mbili unapata watu 2,660,911. Wangeenda wote, Rod Stewart angekuwa bado anatafuta wengine zaidi ya 839,000.

4. Tiketi nyingi kwa usiku mmoja wa msanii mmoja

Bure ni bure. Kununua ni jambo jingine. Tarehe 1 Julai 2017, Mwitaliano Vasco Rossi, akisherehekea miaka 40 ya muziki, aliuza tiketi 225,173 kwa onyesho moja mjini Modena, rekodi ya dunia wakati huo. Jumlisha mji wa Kitale na mji wa Bungoma: watu 230,205. Miji yetu miwili mikubwa ingehamia katika bustani moja ya Italia, na wangekosa tiketi takriban watu 5,000 tu.

Kwa mauzo ya siku moja, hata hivyo, turudi kwa Swift. Tarehe 15 Novemba 2022 aliuza tiketi zaidi ya milioni mbili kwa siku hiyo hiyo moja, na mitambo ya kuuzia ikazidiwa. Kila mtu wa kaunti ya Bungoma angepata yake, na zikabaki zaidi ya 300,000 za kupeleka Trans Nzoia.

5. Ukumbi mkubwa zaidi wenye paa

Uwanja wa wazi una uhuru wake, lakini mashabiki wa kweli wa sauti wanajua tamasha la ndani ndilo lenye utamu: mvua haikusumbui na besi inakuzunguka. Bingwa wa dunia ni Philippine Arena, uliofunguliwa 2014 kaskazini mwa Manila: viti 55,000 chini ya paa moja. Uwanja wa Kasarani kwa miaka mingi umetajwa kuwa wa watu 60,000. Basi waza Kasarani iliyofunikwa karibu yote.

Hapo ndipo Olivia Rodrigo alipoimba tarehe 5 Oktoba 2024, katika ziara ya albamu yake ya Guts, na akafanya jambo la kuheshimiwa: kila tiketi, mbele au nyuma, peso 1,500. Ni takriban shilingi 3,400 za Kenya. Gunia la kilo 90 la mahindi, kwa bei ya shilingi 4,000 iliyotangazwa na serikali 2023, lingemwingiza mtoto wa mkulima wa Cherangani na kumrudishia nauli.

Ulaya inaongozwa na Paris La Défense Arena, watu 40,000. Na Afrika Mashariki? Bingwa ni Kigali. BK Arena, uliofunguliwa Agosti 2019, una nafasi 10,000, mara mbili ya ukumbi wa ndani wa Kasarani wenye 5,000. Kendrick Lamar aliimba humo Desemba 2023, John Legend akafuata Februari 2025. Kenya yenye watu zaidi ya milioni 47 katika sensa ya 2019 imepitwa na Rwanda kwa paa. Huo ndio ukweli wa jedwali, na mimi nataka tuubadilishe.

6. Waafrika waliovunja milango

Hapa moyo wangu unapiga kwa kasi. Tarehe 19 Februari 2000, Koffi Olomide alijaza ukumbi wa Bercy, Paris, wakati huo ukichukua watu wapatao 17,000. Wapenda rumba wa Bungoma na Kitale wanaikumbuka kanda ile ya video kama watu wa mpira wanavyokumbuka fainali.

Kisha Wizkid. Albamu ya Made in Lagos ilitoka Oktoba 2020. Mwaka uliofuata akapangiwa O2 Arena, London, ukumbi wa watu 20,000. Tiketi za usiku wa kwanza zikaisha kwa dakika 12! Matatu ya abiria 14 inayoelekea Webuye inaweza kuchukua muda mrefu zaidi ya huo kujaa pale steji ya Kitale. Zikaongezwa siku nyingine mbili, na watu 60,000 kwa siku tatu ni Kasarani iliyojaa.

Burna Boy akasema kwa nini siku tatu. Tarehe 3 Juni 2023, baada ya albamu ya Love, Damini, alileta takriban 60,000 London Stadium kwa jioni moja, Mwafrika wa kwanza kuongoza tamasha lake mwenyewe katika uwanja wa mpira wa Uingereza. Mwezi Novemba mwaka huo huo Fally Ipupa, akiwa na albamu ya Formule 7, akauchukua Paris La Défense Arena, ule wa 40,000. Mkongo huyu ameingia katika ukumbi mkubwa zaidi wa ndani barani Ulaya na kuimba Kilingala.

Na jirani zetu hawakulala. Israel Mbonyi aliijaza BK Arena siku ya Krismasi 2022, na mwaka uliofuata wimbo wake wa Kiswahili, Nina Siri, ukasikika kwenye matatu na makanisa ya Kenya. The Ben akauanza mwaka wa 2025, tarehe 1 Januari, kwa kuzindua albamu yake ya Plenty Love katika ukumbi huo huo. Ukiwachukua watu 10,000 wa ukumbi huo ukawapakia kwenye mabasi ya abiria 62, unahitaji mabasi 162.

7. Jukwaa zito kweli kweli

U2, ziara ya 360°, 2009 hadi 2011, kwa albamu ya No Line on the Horizon. Walijenga dude la chuma la miguu minne, urefu wa takriban mita 50, uzito wa karibu tani 190. Kwa magunia ya kilo 90, hayo ni magunia 2,111 ya mahindi, trela saba zilizojaa pomoni zikielekea bohari ya Kitale. Na walikuwa na madude matatu ya namna hiyo, ili moja likitumika jingine liwe linajengwa mji wa mbele. Maonyesho 110 yakavuta watu milioni 7.27.

8. Ziara ndefu na usiku mrefu

Elton John aliaga mashabiki kuanzia Septemba 2018 hadi Julai 2023: maonyesho 330. Angeimba kila usiku bila kupumzika kuanzia Januari mosi, angemaliza tarehe 26 Novemba.

Kwa usiku mmoja, Bruce Springsteen alicheza Helsinki saa 4 na dakika 6, tarehe 31 Julai 2012. Ni mechi mbili za mpira pamoja na mapumziko yake, na dakika 36 za mechi ya tatu. Mzungu huyo kajitahidi sana. Lakini vijana wa Kibukusu wanaojiandaa kwa tohara, Agosti ya kila mwaka unaogawika kwa mbili, hucheza na njuga zao na nyimbo hadi jua linachomoza, na hilo halijaingia kitabu chochote cha rekodi.

9. Chini baharini na juu mlimani

Oktoba 2006, Katie Melua aliimba ndani ya mguu wa mtambo wa gesi wa Troll A, Bahari ya Kaskazini, mita 303 chini ya usawa wa bahari, mbele ya wafanyakazi 20. Pango la Kitum, ambamo tembo wa Mlima Elgon huchimba chumvi, linaingia mlimani kwa takriban mita 200. Melua alishuka wima zaidi ya tembo wetu wanavyoingia kwa mlalo.

Juu, Oz Bayldan alipiga muziki Mera Peak, Nepal, mita 6,476, Mei 2012. Wagagai, kilele cha Elgon, kina mita 4,321. Ongeza zaidi ya kilomita mbili.

10. Mkongwe zaidi kwenye orodha hii

Mick Jagger alizaliwa 26 Julai 1943. Rolling Stones walipanda jukwaani mara ya kwanza 12 Julai 1962, miezi 17 kabla ya Kenya kupata uhuru. Mwaka wa 2024 walizunguka Amerika Kaskazini kwa albamu mpya, Hackney Diamonds, na ziara ikafungwa siku tano kabla ya Jagger kutimiza miaka 81. Bado alikuwa akikimbia jukwaani.

11. Ndogo, lakini ya mbali

Metallica, Desemba 8, 2013, kituo cha Carlini, Antaktika: watu 120 hivi, wakisikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni. Kwa onyesho hilo wakawa bendi ya kwanza kucheza mabara yote saba, tena ndani ya mwaka mmoja. Mabasi mawili yangetosha umati wote.

Kama bendi inaweza kuvuka barafu kwa ajili ya watu 120, basi watu 2,660,911 wa kaunti zetu mbili wana haki ya kuuliza. Uwanja wa Masinde Muliro, Kanduyi, uliandaa sherehe za kitaifa za Madaraka tarehe 1 Juni 2024, kwa hiyo mahali pa kusimamisha jukwaa papo. Wasanii wa Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Kigali: mkiachia albamu inayofuata, wekeni Kanduyi na Kitale kwenye ratiba. Na serikali za kaunti hizi mbili, jengeni ukumbi wa ndani wenye nafasi 10,001. Rekodi ya Kigali inavunjwa kwa kiti kimoja.