Je, Wajua? Lenzi Ndefu za Makro Zimeadimika

Je, wajua kuwa tangu Sony A7 iingie sokoni mwaka 2013, si Sony, si Canon wala Nikon aliyetengeneza lenzi ya makro ya milimita 150 au zaidi kwa ajili ya kamera zisizo na kioo? Sony walitoa ya 90 mwaka 2015, kisha ya 100 mwaka 2025. Canon wana ya 100 na Nikon wana ya 105, zote za mwaka 2021. Hapo ndipo wanapokomea wote watatu.

Enzi za kamera za kioo mambo hayakuwa hivyo. Nikon walitoa 200mm f/4 mwaka 1993, Canon wakafuata na 180mm f/3.5L mwaka 1996, Minolta wakaja na ya 200 mwaka 1998. Pentax nao walikuwa na ya 200. Tamron walikuwa na ya 180, na Sigma walikuwa na ya 150 na ya 180. Nikon walifika mpaka kutengeneza makro ya kuvuta, 70-180mm, mwaka 1997. Mpiga picha wa wadudu alikuwa na uwanja mpana wa kuchagua.

Je, wajua kuwa urefu wa lenzi haumkuzi mdudu? Makro kamili ni ile inayofikia 1:1, yaani mdudu wa milimita 20 anachukua milimita 20 juu ya kihisi cha kamera. Kihisi cha fremu kamili kina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Ukifika 1:1, lenzi ya 50, ya 100 na ya 180 zote zinakupa mdudu wa ukubwa uleule. Kinachobadilika ni umbali kati yako na yeye.

Umbali huo ndio kiini cha malalamiko yote. Makro ya Canon EF 100mm L inafika 1:1 sentimita 30 kutoka kwenye kihisi, lakini ukiondoa mwili wa kamera na urefu wa lenzi yenyewe, kutoka kioo cha mbele hadi kwa mdudu zinabaki kama sentimita 14. Ile ya 180 inafika 1:1 kwenye sentimita 48, na mbele yake zinabaki kama 24.

Mchukulie kerengende aliyetua kwenye ncha ya unyasi kando ya bwawa, saa nne asubuhi, jua limeshampasha mwili. Macho yake yanaona karibu pande zote. Ukimfuata na lenzi ya 100, mdomo wa lenzi unamkaribia kiasi cha kiganja, kivuli chake kinaangukia unyasi, goti lako linagusa jani jirani, na unyasi mzima unatikisika. Ameshaondoka. Ukiwa na ya 180 una sentimita 10 zaidi: kivuli kinabaki nyuma, majani hayaguswi, na mwanga wa jua una njia ya kupita kati ya lenzi na mdudu. Nasema bila kusita kwamba sentimita hizo 10 zina thamani kuliko nusu ya sifa mpya zinazotangazwa kwenye kamera kila mwaka.

Kuna faida ya pili. Lenzi ya 180 kwenye fremu kamili inaona pembe ya nyuzi kama 14 tu, ile ya 100 inaona kama 24. Kwa hiyo nyuma ya mdudu kinaingia kipande kidogo zaidi cha mandhari. Kijiti kikavu au ua jeupe linalovuruga macho, unalitoa kwenye picha kwa kusogea hatua moja pembeni.

Je, wajua kuwa lenzi ya "180" si 180 tena ikifika 1:1? Kwa hesabu ya fizikia ya lenzi sahili, umbali kutoka kitu hadi kihisi kwenye 1:1 ni urefu wa fokasi mara 4. Lenzi ya 180 ingehitaji sentimita 72. Ile ya Canon inahitaji 48 tu, kwa sababu vioo vya ndani vinajipanga upya na kufupisha urefu wa fokasi hadi takriban milimita 120. Lenzi za 100 nazo hufanya vivyo hivyo. Ndiyo maana mtu anayedhani ya 200 itampa nafasi maradufu ya ile ya 100 anapaswa kusoma kwanza umbali halisi wa kila lenzi.

Wengi huamini kuwa makro ndefu hupunguza kina cha ukali. Sivyo. Kwa ukubwa uleule wa picha na tundu lilelile, kina hakibadiliki: kwenye 1:1 na f/11 unapata kama milimita 1.3, uwe na lenzi ya 60 au ya 200.

Na mwanga? Kwenye 1:1, lenzi sahili iliyowekwa f/2.8, iwe fupi au ndefu, hupitisha mwanga kama ya f/5.6.

Je, wajua kuwa madaktari waliihitaji lenzi ndefu ya karibu kabla ya wapenda wadudu kuizoea? Mwaka 1962 Nikon walitoa Medical-Nikkor 200mm f/5.6 iliyokuwa na flashi ya duara ndani ya mwili wake, taa imezunguka kioo cha mbele. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za upasuaji na za meno bila mpiga picha kuinamia jeraha wala kumzuia daktari. Miaka saba kabla, mtengenezaji wa lenzi Heinz Kilfitt alikuwa ametoa Makro-Kilar ya milimita 40, makro ya kwanza kwa kamera za kioo za filamu ya milimita 35. Kwa lenzi fupi hivyo, lazima uwe karibu kumgusa unayempiga.

Kwa nini basi watengenezaji wameziacha? Uzito ni sababu moja. Sigma 180mm f/2.8 ya mwaka 2012 ina gramu 1640, ilhali makro ya Panasonic ya milimita 100 iliyotoka mwaka 2024 ina gramu 298 tu. Sababu ya pili ni biashara: lenzi ya 90 au 100 inapiga mdudu asubuhi, pete ya harusi mchana na sura ya bibi harusi jioni, kwa hiyo wanunuzi wake ni wengi. Ya 180 hununuliwa na mtu mwenye shauku moja. Ya tatu ni vihisi vyenyewe. Kamera ya megapikseli 61 kama Sony A7R V bado inabakiza megapikseli 26 ukikata picha hadi ukubwa wa APS-C, na lenzi ya 100 inakuwa na mtazamo wa 150. Nakubali hoja hiyo ina uzito, ila kukata picha hakurudishi nafasi yote iliyopotea.

Linaloniuma zaidi ni kwamba kamera zenyewe sasa ndizo zinazoifaa makro ndefu kuliko wakati wowote. Canon 180 ya zamani haikuwa na kitulizo cha mtikisiko. Leo kihisi chenyewe kinaelea ndani ya kamera na kutuliza lenzi yoyote utakayoifunga. Kioo cha kamera ya zamani kilikuwa kikipiga na kutikisa picha kila ulipobonyeza, sasa hakipo. Unaweza kukuza jicho la nzi kwenye kitazamio kabla ya kupiga, ukaona kingo kali zikiwaka rangi. Kamera nyingi zinapiga mfululizo wa picha huku zikisogeza fokasi zenyewe, ili baadaye ziunganishwe kuwa picha moja yenye ukali kuanzia kipapasi hadi mkia. Vifaa vyote viko tayari, lenzi ya hao watatu ndiyo haipo.

Je, wajua kuwa kati ya watengenezaji wa kamera, aliyekaribia zaidi kuziba pengo hili ni mwenye kihisi kidogo? Mwaka 2023 OM System walitoa makro ya milimita 90, f/3.5, yenye gramu 453. Kwa kuwa kihisi chao kina upana wa milimita 17.3, lenzi hiyo ina mtazamo sawa na wa 180 kwenye fremu kamili. Inafika 2:1, na ukiifunga kikuzio (telekonveta) cha mara 2 inafika 4:1. Ili kumjaza kwenye picha mdudu wa milimita 35, kamera ya fremu kamili inakaribia 1:1. Hii ya OM System inahitaji 1:2 tu kwa mdudu huyohuyo, hivyo bado iko mbali naye. Kwa mtu anayeanza leo na anayependa wadudu kuliko kitu kingine, hii ndiyo ningemshauri.

Kwa wenye fremu kamili, mwaka 2024 Laowa kutoka China walitoa 180mm f/4.5 inayofika mara 1.5. Sony 100mm mpya nayo inakubali vikuzio, kwa hiyo ikifungwa cha mara 2 inakuwa ya 200. Canon RF 100mm haikubali vikuzio vya Canon, na Nikon Z 105mm haikubali vya Nikon.

Zile za zamani bado zinafanya kazi kwenye kamera mpya. Kutoka kifungio cha lenzi cha Nikon F, kamera zao za kioo, hadi kihisi ni milimita 46.5, na kwa Nikon Z zisizo na kioo ni 16. Adapta ya FTZ inajaza zile 30.5 zilizobaki, haina kioo chochote ndani, na picha haipotezi ubora. Canon EF 180 ikivishwa adapta ya EF-EOS R hata fokasi ya otomatiki inabaki. Nikon 200mm f/4 haina mota yake, na FTZ haina ya kuisukuma, hivyo unafokasi kwa mkono. Kwa makro hilo halina shida: wengi wetu huweka umbali kisha tunayumba taratibu mbele na nyuma hadi jicho linapokuwa kali.

Ukinunua iliyotumika, hasa Dar, Mombasa au Unguja ambako hewa ina unyevu, fungua tundu lote, washa tochi ya simu nyuma ya lenzi na uangalie kwa mshazari kutoka mbele. Kuvu huonekana kama nyuzi za buibui pembezoni mwa kioo. Ukiziona, usiinunue hata kwa bei nzuri.

Njia ya bei nafuu ipo. Raynox DCR-150 ni lenzi ndogo ya dayopta 4.8 inayobanwa mbele ya lenzi nyingine. Iweke kwenye 70-200 yako, ivute hadi 200, uweke fokasi ya mbali kabisa: unakaribia 1:1, na kati ya lenzi na mdudu una kama sentimita 20.

Je, wajua kuwa si kila kiumbe mdogo anahitaji 1:1? Katika misitu ya Usambara yupo kinyonga Rieppeleon brevicaudatus, rangi ya jani kavu, asiyezidi sana sentimita 8. Nikon Z 100-400mm inafika mara 0.38, na hapo picha ina upana wa kama sentimita 9.5. Kinyonga mzima anaingia, nawe uko karibu mita 1 nyuma. Lenzi za aina hiyo ndizo za kutumia pia kwa Atheris ceratophora, nyoka wa milima hiyohiyo mwenye vipembe juu ya macho. Ana sumu, na sentimita 24 za makro ya 180 ni karibu mno kwake.