Jina la Bamba na Uhai wa Ukuta: Kuchagua na Kumalizia Plaiwudi ya Kuta za Nje katika Eneo la Ibanda, Kasese na Bwera

Ikisiri

Plaiwudi hutumika kuvika kuta za nje za vibanda vya biashara, ofisi ndogo na nyumba nyepesi katika wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda. Makala haya yanaeleza kwa nini bamba moja hudumu miaka mingi ilhali jingine, linalofanana nalo kwa macho, hubanduka baada ya msimu mmoja wa mvua. Hoja kuu ni kwamba majina yanayotumika sokoni hayamwambii mnunuzi jambo analohitaji kulijua kwanza, yaani aina ya gundi, na kwamba hakuna rangi iwezayo kuliokoa bamba ambalo kingo zake zimeachwa wazi.

Utangulizi

Njia itokayo mjini Kasese kuelekea Ibanda hupanda kutoka uwanda wa Bonde la Ufa, ulio kwenye kimo cha takriban mita 1,000, hadi Nyakalengija, mahali wapandaji wa milima ya Rwenzori waanzapo safari, kwenye kimo cha takriban mita 1,600. Safari yenyewe si ndefu, lakini hali za hewa ni mbili. Uwandani jua ni kali na ukuta hukauka upesi baada ya mvua. Chini ya mlima, kando ya mto Mubuku, ukungu hukaa asubuhi na ukuta uliolowa jioni huweza kukuta mvua nyingine kabla haujakauka. Misimu ya mvua ni miwili, wa kwanza kuanzia Machi hadi Mei, wa pili kuanzia Agosti hadi Novemba. Bamba lililovumilia Kasese mjini halijathibitisha lolote kuhusu Ibanda.

Ukuta mwepesi una sababu zake katika eneo hili. Tetemeko la tarehe 20 Machi 1966 liliua watu zaidi ya mia moja katika eneo la Toro na jirani zake, na jingine lilipiga tarehe 5 Februari 1994 karibu na Fort Portal. Ukuta wa matofali usiofungwa kwa nondo huanguka kwa uzito wake wote juu ya waliolala, hali bamba la plaiwudi lililogongomewa vizuri kwenye fremu ya mbao huiimarisha fremu hiyo isiyumbe. Kisha kuna mafuriko. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013 na tena Mei 2020, na baada ya maji kupungua, watu huhitaji kusimamisha maduka na vyumba kwa siku chache, wala si kwa miezi. Nje ya Uganda, mji wa Goma ulitegemea sana nyumba za mbao baada ya volkano ya Nyiragongo kufunika sehemu ya mji huo kwa lava mnamo Januari 2002.

Hata hivyo, nyumba ya mbao za kawaida si nyumba ya plaiwudi. Mbao zilizopangwa kwa kupishana huacha mianya, na kila ubao hupata hewa mbele na nyuma. Plaiwudi ni ngozi moja pana, na maji yaliyopata njia ya kuingia nyuma yake hayaoni njia ya kutoka. Fundi aliyezoea mbao, anapoligongomea bamba kama agongomeavyo ubao, huliua bila kujua.

Majina mengi, swali moja

Mpondwe, mpakani karibu na Bwera, ni soko linalokutanisha Lhukonzo, Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa. Upande wa Uganda bidhaa hii huitwa plaiwudi. Upande wa Kongo huitwa triplex, jina lenye maana ya matabaka matatu, ingawa linatumika hata kwa bamba la matabaka matano au saba. Majina yote mawili hueleza umbo tu. Matabaka membamba ya mti huambwa kutoka kwenye gogo linalozungushwa mbele ya kisu kirefu, kisha hugandishwa kwa idadi isiyogawanyika kwa mbili, kila tabaka likikingama na jirani yake. Kwa kuwa mti hutanuka sana kwa upana na kidogo mno kwa urefu, matabaka yaliyokingamana huzuiana, na bamba zima hutulia. Hiyo ndiyo faida yake juu ya ubao. Lakini utulivu wote huo umeshikwa na gundi, na gundi haimo katika jina.

Jina linalopotosha zaidi ni “marini bodi”. Mnunuzi akisikia habari za bahari, huamini kwamba amepata bamba lisiloshindwa na maji. Kinachouzwa kwa jina hilo katika maduka mengi ya Uganda na Kenya ni bamba la kumiminia zege, lenye ngozi nyororo ya kahawia au nyeusi. Limeundwa ili zege lisigande juu yake, na kwa sababu hiyo hiyo rangi nayo haishiki vizuri. Kingo zake hupakwa rangi kiwandani, lakini fundi anapolikata kwa msumeno, kinga hiyo hubaki na vipande vilivyotupwa. Bamba la kuundia mashua ni kitu kingine kabisa. Kiwango cha Uingereza kiitwacho BS 1088 hutaja aina za miti zinazokubalika, gundi, na hata kuzuia nafasi tupu katika matabaka ya ndani.

Herufi zilizopigwa muhuri pembeni mwa bamba, kama vile B au C, nazo husomwa vibaya. Herufi hizo hupima uzuri wa uso: mafundo mangapi, viraka vingapi, nyufa kiasi gani. Bamba lenye uso safi kuliko yote dukani linaweza kuwa limegandishwa kwa gundi ya kabati la ndani. Maandishi yenye faida ni yale ya daraja la matumizi. Katika kiwango cha Ulaya cha EN 636 madaraja ni matatu: la 1 kwa mahali pakavu, la 2 kwa mahali penye unyevu, la 3 kwa nje. Kwa Kiswahili yanatosha kuitwa “ya ndani”, “ya unyevu” na “ya nje”, nayo ni maneno ambayo mchuuzi wa Kasindi na mnunuzi wa Bwera huyaelewa bila mkalimani. Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi, na mwezi huo huo Kongo ilikamilisha kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kazi ya istilahi iliyobaki si ya bungeni peke yake. Mwenye kibanda anayetumia akiba yake yote kununua mabamba sita anahitaji swali fupi la kumuuliza muuzaji, na jibu ambalo muuzaji hawezi kulizungushazungusha.

Gundi na jaribio la sufuria

Gundi zitumikazo zaidi ni za jamii tatu. Gundi ya urea ni rahisi na nyeupe, lakini maji na joto huivunja polepole. Gundi ya urea iliyoongezwa melamini huvumilia zaidi. Gundi ya fenoli huvumilia maji yanayochemka, na ndiyo inayotarajiwa katika bamba la nje. Mstari wake, ukitazamwa kwenye ukingo uliokatwa, mara nyingi ni wa kahawia iliyokoza. Rangi ya mstari ni dalili tu wala si ushahidi, kwa kuwa mstari mweupe unaweza kuwa wa melamini nzuri, na gundi yoyote huweza kutiwa rangi.

Ushahidi hupatikana jikoni. Maabara zinazofuata kiwango cha EN 314 hulichemsha bamba la daraja la nje, ama kwa saa 72 mfululizo, ama kwa saa 4, kulikausha kwa saa 16 hadi 20, kisha kulichemsha tena kwa saa 4, kabla ya kupima nguvu ya gundi kwa mashine. Fundi hana mashine, lakini ana sigiri. Kipande cha ukubwa wa kiganja kikatwe kutoka bamba moja kabla ya kununua mengine, kichemshwe saa 4, kikaushwe usiku kucha karibu na joto, kichemshwe tena saa 4. Kikitoka kimefunguka kama kitabu kilicholoa, ni cha ndani, hata muuzaji aapeje. Kikibaki kimoja, patasi iingizwe kati ya matabaka: ikiwa unyuzi wa mti ndio unaochanika na si gundi inayoachia, gundi ni imara. Kazi hiyo ifanywe nje, na sufuria hiyo isirudi kupikia chakula, kwa sababu mvuke na maji yake hubeba kemikali za gundi.

Gundi hushika lakini haihifadhi. Bamba la fenoli lililotengenezwa kwa mti laini litaoza na kuliwa na mchwa huku matabaka yake yakiwa yameshikana vizuri. Kwa hiyo jaribio la sufuria hujibu swali moja tu. Lililobaki hujibiwa na namna ukuta ulivyojengwa.

Maji huingilia ukingoni

Wengi huamini kwamba ukungu wa Ibanda ndio unaoozesha kuta. Ukweli ni mwingine. Mti hauozi mpaka unyevu wake upite takriban asilimia 20 ya uzito wake mkavu, na kuvu hustawi hasa unapokaribia asilimia 30. Katika hewa yenye unyevunyevu wa asilimia 80, mti uliokingwa dhidi ya mvua hutulia karibu asilimia 16. Hewa peke yake, basi, kwa kawaida haitoshi. Kinachoozesha ni maji yenyewe, yale yanayorukaruka kutoka ardhini, yanayoshuka kwenye mwanya wa dirisha, yanayonywewa na ukingo wa chini. Kwenye ukingo, vinyweleo vya mti vimekatwa na kubaki wazi kama mirija, vikifyonza maji kwa kasi ambayo uso wa bamba hauikaribii.

Kwa sababu hiyo, msingi wa ukuta una thamani kuliko debe la pili la rangi. Saruji hutengenezwa Hima, wilayani Kasese kwenyewe. Kuinua ukingo wa chini angalau sentimita 20 juu ya ardhi kwa msingi wa saruji huondoa sehemu kubwa ya tatizo, na humlazimisha mchwa kujenga njia yake mahali panapoonekana. Ukingo huo ukatwe kwa mshazari ili tone lidondoke nje badala ya kurudi nyuma. Paa litoke mbele ya ukuta. Upenu wa sentimita 60 si anasa chini ya mlima.

Mabamba yasibanwe. Mwanya wa milimita 3 uachwe kati ya bamba na bamba, kwa sababu yatatanuka kidogo tu, na yakikosa nafasi yatatunga tumbo. Mwanya huo ufunikwe kwa ufito wa wima, na kwenye kiungo cha mlalo bati lililokunjwa lipitishwe nyuma ya bamba la juu na mbele ya bamba la chini. Fito nyingine za wima za unene wa milimita 20 zitenge bamba na kilicho nyuma yake, juu na chini pakiachwa wazi na kuzibwa kwa wavu wa kuzuia wadudu. Maji yanayopenya hushuka, hewa hupanda, na ngozi ile pana inapata kupumua. Misumari iwe ya kuzamishwa katika zinki, kila sentimita 15 pembezoni na kila 30 katikati. Msumari wa kawaida hulia machozi ya kutu juu ya rangi kabla mwaka haujaisha.

Kumalizia

Rangi huanza kabla bamba halijapanda ukutani. Ukingo ukishagongomewa hauwezi kufikiwa na brashi tena, na ukingo usiofikiwa ndio utakaokunywa. Kila bamba hukatwa, husuguliwa kwa msasa, hufutwa vumbi, kisha hupakwa rangi ya msingi mbele, nyuma na kwenye kingo zote nne. Kingo hupewa mikono mitatu, wa kwanza ukiwa mwepesi ili uzame. Vibanda vingi hupakwa upande unaotazama barabara tu. Bamba lenye uso mmoja uliozibwa na mwingine ulio wazi hupokea unyevu kwa upande mmoja, likapinda.

Kwa mikono ya juu, mafundi wengi hupenda rangi ya mafuta kwa sababu ya mng’ao wake. Kwenye plaiwudi ya nje, rangi ya maji ya akriliki iliyotengenezwa kwa kuta za nje ni bora zaidi. Kisu kilichoamba tabaka la juu huacha nyufa ndogo zisizoonekana, na nyufa hizo hufunguka na kufunga jua linapofuatana na mvua. Rangi ya mafuta ikikauka hukakamaa na kupasuka pamoja nazo, akriliki hunyumbuka. Uwandani Kasese, rangi nyeupe au ya krimu hupunguza joto la bamba na hivyo hupunguza nyufa. Vanishi isiyo na rangi haifai kabisa, kwani mwanga wa jua la ikweta hupita ndani yake, huharibu mti ulio chini, na vanishi yenyewe huambuka.

Oili chafu ya magari, ambayo hupakwa kufukuza mchwa, huzuia rangi yoyote kushika baadaye na huchafua udongo. Isiguse bamba linalokusudiwa kupakwa rangi.

Ukuta ambao tayari umeanza kubanduka chini hauhitaji kuvunjwa wote. Bamba hugongwagongwa kwa mpini wa nyundo kuanzia juu kushuka chini, na mlio ukibadilika kuwa wa utupu, mstari hupigwa sentimita 10 juu ya hapo. Sehemu ya chini hukatwa na kuondolewa, ukingo mpya huachwa ukauke siku kadhaa za jua kisha hupakwa mara tatu, bati lililokunjwa huingizwa nyuma yake, na nafasi iliyobaki hujengwa kwa tofali na saruji.