CT au MRI? Kwanza Niambie Mguu Unasemaje

Fomu nyingi zinazofika dirishani kwangu zimeandikwa maneno mawili tu: "maumivu mgongo." Mgonjwa naye anaongeza lake: "Dada, nipige ile MRI, si ndiyo kubwa?" Mimi ni mpiga picha za mionzi hapa Dar es Salaam, na kabla ya kumjibu humuuliza: maumivu yanakaa mgongoni, au yanashuka mguuni na kukuachia ganzi?

Wengine huona namzungusha mtu bure, lakini jibu la swali hilo ndilo linaloamua. Pingili za mgongo ni mifupa. Kati ya pingili na pingili kuna diski, kitu laini kama mto mdogo, na nyuma yake hupita uti wa mgongo na mishipa ya fahamu. Diski ikichomoza na kubana mshipa, maumivu hushuka takoni, pajani, mpaka vidoleni. CT huonyesha mfupa vizuri kuliko kipimo kingine chochote, lakini mshipa uliobanwa hauonyeshi kwa uwazi wa MRI. Kwa hiyo hakuna mkubwa hapo. Mtu aliyevunjika pingili akisubiri MRI kwa sababu ni ghali zaidi, amelipa zaidi kwa picha isiyomfaa.

Ndani ya duara la CT, bomba la eksirei humzunguka mgonjwa na kompyuta huzikusanya picha za pande zote kuwa vipande vyembamba. Mgonjwa wa kwanza alipigwa London mwaka 1971, kwa mashine ya Godfrey Hounsfield. Mwaka 1979 Hounsfield alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg aliyeanza kulifikiria suala hilo akiwa katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Wanafunzi wanaokuja kwangu kwa mafunzo lazima wamjue huyo Mwafrika Kusini.

Akiletwa dereva wa bodaboda aliyegongwa, ni CT bila mjadala. Picha zenyewe huchukua sekunde chache, na ufa wa mfupa unaonekana hata akiwa bado na kola shingoni. Ila mifupa ikionekana mizima na miguu haisogei, MRI inafuata. CT pia ina gharama isiyoandikwa kwenye risiti: ya kiuno hufikia kama milisiviti 6 za mionzi, wakati mtu wa kawaida duniani hupata wastani wa 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. Si ya kumtisha anayeihitaji, lakini si ya kurudiarudia. Mama mjamzito naye aseme mapema.

MRI haina mionzi hiyo. Ina sumaku, na yenye tesla 1.5 inaizidi nguvu ya sumaku ya dunia takriban mara 30,000. Usiku inabaki na nguvu zake, hata tukiwa tumelala. Inasoma haidrojeni iliyo kwenye maji na mafuta ya mwili, ndiyo maana diski, mishipa na uboho huonekana waziwazi. Mgonjwa hulala kimya nusu saa hivi huku mashine ikigonga kwa kelele. Mwenye maumivu makali hushindwa, na picha huharibika.

Kabla ya hapo kuna ukaguzi. Pini za mtandio, bangili, vibanio vya nywele, vyote vinabaki nje. Hirizi ndiyo huleta mazungumzo marefu, maana nyingine zimefungwa ndani ya bati. Huwa nasema, "Shikamoo mzee, mpe mwanao akushikie hapo mlangoni." Fundi wa kuchomelea namuuliza kama chembe ya chuma imewahi kumrukia jichoni; akisema ndiyo, tunaangalia macho kwanza. Mwenye kifaa cha mapigo ya moyo au vyuma vya upasuaji alete karatasi zake: vyuma vingi vya titani vinaruhusiwa, ila huchafua picha ya sehemu iliyo jirani.

Kwetu kuna jambo jingine, kifua kikuu cha mgongo. Mtu anakonda, anatoka jasho usiku, mgongo unauma miezi. Eksirei huchelewa kukiona, CT huonyesha mfupa ulioliwa, lakini MRI hukiona mapema, pamoja na usaha unaosogelea uti wa mgongo.

Na wengi wenye maumivu ya kawaida hawahitaji chochote kati ya hivyo, kwani hupata nafuu baada ya wiki kadhaa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 ulikusanya picha za watu wasioumwa mgongo kabisa: diski zilizochakaa zilikuwepo kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Ripoti ikisema diski imechakaa, muulize daktari kama ndiyo inayokuuma.

Asiyesubiri ni yule aliyekufa ganzi sehemu za siri, au mkojo umegoma kutoka, au miguu inalegea ghafla. Huyo ni MRI siku hiyo hiyo. Hospitali nyingi za rufaa za mikoa sasa zina CT na hazina MRI. Akifikia huko, usafiri wa rufaa uanze kutafutwa hapo hapo, usiku ule ule.