Mbwa Mwenye Mzio (2): Mchokozi Yumo Kwenye Sahani

Wiki iliyopita tulimalizana na viroboto, kupe na utitiri, maana hao ndio washukiwa wa kwanza mbwa anapojikuna. Ikiwa wameondoka na German Shepherd wako bado anajilamba nyayo, masikio yananuka, ngozi ya makwapa imekuwa nyeusi, masika na kiangazi ni yale yale, basi tugeukie chakula.

Mbwa hawa wa Kijerumani, waliojaa kwenye mageti ya Dar es Salaam na Nairobi, wana ngozi korofi. Wenyewe huanza kwa kulaumu ugali. Wanausingizia. Uchambuzi wa mwaka 2016 uliokusanya taarifa za mbwa 297 wenye mzio wa chakula ulikuta nyama ya ng'ombe ikiongoza kwa asilimia 34, kisha maziwa 17, kuku 15 na ngano 13. Mahindi yalikuwa nyuma sana. Mwili hukataa protini uliyokwisha kuizoea, ndiyo maana kubadilisha mfuko wa chakula kwa mwingine wenye kuku yule yule ni kutupa fedha. Geuza mfuko usome viambato: ulioandikwa "kondoo" kwa mbele mara nyingi una kuku ndani.

Vipimo vya damu vya mzio wa chakula siviamini. Njia ya kuaminika ni wiki nane za chakula kimoja: protini ambayo mbwa huyo hajawahi kuila, na wanga mmoja. Sungura na viazi vitamu vya kuchemsha vinafaa, bila chumvi, kitunguu wala kitunguu saumu. Mbuzi simpendekezi, kwa kuwa protini zake zinakaribiana mno na za ng'ombe. Dagaa nao wamekwisha kuchanganywa kwenye ugali wake tangu udogoni.

Kinachowashinda wengi si sungura, ni watu wa nyumbani. Mlinzi anakunywa chai ya maziwa alfajiri, anachovya andazi, kipande cha mwisho anamtupia mwenzake wa zamu. Mtoto naye anadondosha biskuti. Hata vidonge vya kutafuna vya viroboto huwa na ladha ya nyama. Mwombe daktari wa mifugo dawa ya kupaka. Andazi moja tu linaweza kuuharibu mwezi mzima wa subira, kwa hiyo mlinzi aelezwe mapema, na kwa heshima.

Akipona, mrudishie chakula chake cha zamani. Ndiyo, kile kile. Muwasho ukirudi ndani ya saa chache au wiki mbili, mzio umethibitika. Usiporudi, huenda ni vumbi au chavua, na sungura wako hana sifa yoyote. Ukirudi, mpe tena sungura hadi atulie, kisha jaribu protini moja moja: kuku peke yake, halafu yai, halafu ng'ombe.

Sungura na viazi havina kalisi ya kutosha kwa miezi mingi, na mtoto wa mbwa asijaribiwe hivi bila daktari. Kuikamilisha sahani hiyo ndiyo kazi ya wiki ijayo.